Programu Iliyonionesha Mkono wa Dada

Programu ya kwanza tuliyoijaribu iliandika upuuzi mtupu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Sofu, Kibaha. Kompyuta mpakato ya binti yetu ilikuwa juu ya meza ya chakula, imeunganishwa kwa waya na redio yangu ya zamani, na kwenye skrini herufi zilikuwa zikijipanga mstari baada ya mstari, kana kwamba kuku amepita juu ya vitufe. E, E, T, I, E, S, H, kisha E tena. Mume wangu alikuwa amevaa hedifoni, amekunja uso kwa kusikiliza. Binti yetu alisimama nyuma yangu. Mimi nilikaa katikati yao, sisikii kitu, nikiitazama programu ikifanya kazi niliyoifanya kwa masikio yangu mwenyewe tangu usichana wangu, tena ikiifanya vibaya.

"Huyu hajui kazi," nilisema.

Sikumsikia binti yangu akicheka, lakini kivuli chake kilitikisika kwenye skrini, nikajua.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Nilitoka kwetu nyanda za juu kusini nikiwa msichana, nikaajiriwa Dar es Salaam katika kituo cha redio kilichowasiliana na meli. Siku hizo meli bado zilituma habari zake kwa Morse. Mlio mfupi ni nukta, mlio mrefu ni mstari, na mpangilio wa nukta na mistari ndiyo herufi. Nahodha aliyekuwa na mgonjwa melini, wakala aliyeuliza lini shehena itateremshwa, baharia aliyetaka kumpa mkewe pole ya msiba, wote walitufikia kama milio tu ndani ya hedifoni, nasi tuliinama juu ya karatasi tukiandika kwa penseli.

Aliyenifundisha ni mwenzangu wa zamu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mwenyeji wa Kisarawe, kutoka familia ya Kiislamu iliyoishi Kibuta tangu enzi za mababu zake. Nilimwita dada kuanzia siku ya kwanza, naye akaniita mdogo wangu, na hatukuwahi kuitana vinginevyo. Kosa langu kubwa mwanzoni lilikuwa haraka. Nikisikia nusu ya neno, naandika neno zima. Siku moja alinyoosha mkono akafunika karatasi yangu.

"Usiandike unachodhani atasema," aliniambia. "Subiri aseme, kisha uandike alichosema."

Watu wasioijua kazi ile hudhani Morse ni ileile kwa kila mtu. Haiko hivyo. Kila mmoja ana namna yake ya kugonga, na sisi namna hiyo tuliiita mkono. Tuliwajua waendesha redio wa melini na makarani wa vituo vya mbali kwa mikono yao, watu ambao hatukuwahi kuwaona sura. Mkono wa dada niliweza kuutambua katikati ya kelele za aina yoyote, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuburuta mstari wa mwisho wa neno, kama mtu anayeondoka mlangoni akiburuta kandambili. Na maneno yetu ya Kiswahili mengi huishia kwa a, o au u, herufi ambazo kwenye Morse zote huishia kwa mstari. Kwa hiyo dada akigonga Kiswahili, alikuwa anaburuta karibu muda wote.

Meli zilipohamia mitambo ya setilaiti, kituo kilifungwa. Mimi nilihamishiwa ofisi moja ya serikali Kibaha, nikakaa na mafaili hadi nikastaafu. Dada alirudi kwao Kibuta akalima mananasi, mihogo na mahindi. Lakini hatukuweza kuachana na milio. Tuliomba leseni za redio ya ridhaa, za kurusha kwa kupenda tu, tukapata redio zilizotumika, tukatundika nyaya za antena, wangu ukitoka kwenye paa hadi mnazi wa uani, wake akaufunga mwenyewe anakokujua. Kila Jumamosi baada ya chai tulikutana hewani. Tuliongea mambo ya kawaida kabisa: mvua, wajukuu, nguruwe pori walioingia shambani kwake.

"Si umpigie simu tu?" mume wangu alizoea kuniuliza.

Nilimjibu kwamba simu nampigia pia. Sikuweza kumweleza zaidi ya hapo.

Kisha nikaugua. Kwanza kikohozi kisichokoma, halafu kukonda, halafu vipimo, na mwisho nikaambiwa ni kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Tiba ya wakati ule ilikuwa na sindano kila siku kwa miezi mingi. Muuguzi aliyenipokea alivuta kiti akakaa mbele yangu kabla ya sindano ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo, hana haraka.

"Mama, sikufichi," alisema. "Dawa hii inaweza kukuchukulia masikio. Lakini tusipoitumia, tunaweza kukupoteza wewe mzima."

"Nichome," nilimwambia.

Sijajuta hata mara moja. Siku hizi nimeambiwa sindano zile zimeachwa, wagonjwa wanapewa vidonge visivyodhuru masikio, nami hufurahi kila ninapolikumbuka hilo. Lakini zangu zilinichukulia masikio kama muuguzi alivyosema, na nilimshukuru kwa kuniambia mapema, kwa sababu nilipata muda wa kuaga. Ndege walitangulia. Kisha mlio wa simu. Kisha sauti ya binti yangu, ambayo ni nyembamba. Sauti ya mume wangu, nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, ilikuwa ya mwisho kuondoka. Kifaa cha kusaidia kusikia nilipewa, nikakivaa wiki chache, kikanipa mvumo tu. Mume wangu akanunua kibao cheupe na kalamu zake, na tangu hapo ndani ya nyumba yetu mimi huongea kwa mdomo, wao hunijibu kwa kuandika.

Redio niliifunika kitambaa cha kufuma, nikaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mume wangu aliniona nikifanya hivyo.

Dada alikuja kuniona nilipotoka hospitali. Alifika na mananasi kwenye kapu, akaketi karibu nami kwenye kochi, akaongea. Mdomo wake ni mmoja wa midomo migumu kuisoma niliyowahi kukutana nayo, kwa sababu anaongea meno yakiwa yamekaribiana. Akauona ugumu wangu, akauchukua mkono wangu akaanza kunigongea kiganjani kwa kidole. Nikafumba macho nikingoja herufi. Hazikuja. Nilichohisi ni mpapatiko, kama nondo ndani ya ngumi. Nilipofumbua macho niliona vidole vyake vinatetemeka, na si kwa ajili ya majonzi. Vilikuwa vinatetemeka hata alipoviweka mapajani. Alitabasamu akatikisa kichwa, akachukua kibao akaandika kwa taabu kwamba daktari amesema ni ugonjwa wa kutetemeka, utakuwa naye maisha yake yote. Tukala mananasi.

Baada ya hapo safari zilimshinda. Tukawa tunatumiana ujumbe wa simu, lakini vitufe vidogo vya simu vilimkataa, ikabidi mjukuu wake wa kike amwandikie. Mjukuu aliandika kama vijana wenzake wanavyoandika. "Bibi anasema mambo vipi, uko poa? Anasema anakumisi kinoma." Nilijua dada hawezi kusema kinoma. Nilimshukuru binti yule kwa wema wake, maana alijibu kila mara, lakini nilikuwa nasoma habari za dada bila dada mwenyewe kuwemo ndani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi binti yangu aliporudi siku moja kutoka kazini Dar, akaweka mkoba chini na kuchukua kibao kabla hata ya kuvua viatu. Ofisini kwao kulikuwa na kijana anayependa mambo ya redio, alikuwa amemwonesha kitu kwenye kompyuta. Binti yangu aliandika: "Mama, kumbe mawimbi ya redio yanaweza kuonekana kwa macho. Zipo programu zinayasoma."

"Kompyuta haiwezi kunirudishia masikio," nilimwambia.

Akafuta, akaandika tena: "Sijasema masikio. Nimesema macho."

Jumamosi iliyofuata waliondoa maua ya plastiki na kitambaa. Redio ilikuwa bado imekaa kwenye masafa yetu ya zamani, maana sikuwahi kuyagusa. Kazi ya mume wangu ilikuwa kutuambia kama kuna sauti yoyote inaingia, ili tujue kosa liko kwenye redio au kwenye kompyuta. Alivaa hedifoni, akasikiliza, kisha akainua kidole. Akaandika kwenye kibao: "Kuna mtu anagonga."

Ndipo programu ile ikaanza kumwaga E na T na I.

Nilimwambia hakuna mtu, ni umeme. Jirani yetu ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, na mashine yake ya kuchomelea ilikuwa inanisumbua hewani hata siku nilizokuwa na masikio. Mume wangu alivua hedifoni akatoka. Nilimwona dirishani akiongea na fundi juu ya ukuta, akinyooshea kidole nyumba yetu, fundi akiitikia kwa kichwa. Fundi akazima mashine, akaja naye ndani, mikono bado ina masizi, akasimama karibu na mlango kutazama. Skrini ilitulia kidogo. Lakini herufi ziliendelea kuwa upuuzi, na mume wangu, ambaye alikuwa amerudisha hedifoni, alisisitiza kwa kugonga meza kwa kidole: anagonga, anapumzika, anagonga.

Kabla ya kuondoka fundi aliniambia jambo. Mume wangu aliniandikia baadaye: "Anasema Jumamosi asubuhi hatawasha mashine mpaka tumwambie tumemaliza." Hatukuwa tumemwomba hivyo. Nilimtembelea mkewe jioni yake na chapati.

Tuliijaribu programu ile kwenye masafa mengine, penye kituo kinachotuma Morse kwa mtambo, nukta zote sawa, mistari yote sawa. Ikasoma bila kukosea hata herufi moja. Kumbe Morse ilikuwa inaijua. Ilichoshindwa ni yule mtu mmoja aliyekuwa kwenye masafa yetu.

Kwa hiyo binti yangu akatafuta nyingine. Hii ilikuwa ya kulipia, tukaichukua kwa majaribio. Ilikuwa nzuri kutazama, na iliandika maneno kamili yenye nafasi katikati. Jumamosi iliyofuata mtu wetu alipoanza kugonga, programu ile iliandika sentensi za Kiingereza: habari za wanaume, za kofia, za treni. Mume wangu alifurahi sana.

"Hii ndiyo yenyewe," aliandika. "Inasoma."

"Inasoma nini?" nilimuuliza. "Nani wa hapa anatuma habari za kofia kwa Kiingereza?"

Nikaona njia rahisi ya kuipima. Nilitoa kabatini kigongeo changu, kile chombo kidogo cha shaba cha kugongea, binti yangu akakiunganisha na kompyuta. Nikagonga taratibu, kwa mkono wangu ambao haukuwa na kasoro: HABARI ZA ASUBUHI. Programu ikatafakari kidogo, ikaandika kwa Kiingereza safi maneno yenye maana ya bandari na kitongoji cha mji. Nikarudia. Ikaandika vilevile, bila aibu.

Ilikuwa inakisia. Ilikuwa na kamusi ya Kiingereza tumboni, na kila iliposikia nusu ya neno, ililimalizia kwa neno inalolijua. Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu nilimwona yule msichana wa zamu niliyekuwa zamani akiwa ndani ya kompyuta, na dada hayupo kumfunikia karatasi.

"Sitaki inayokisia," niliwaambia.

Mume wangu alibisha. Aliandika kwamba walau hii inatoa maneno, kwamba pengine ina sehemu ya kurekebisha lugha, kwamba tusikate tamaa haraka. Binti yangu aliitafuta sehemu hiyo. Lugha zilikuwamo kadhaa, Kiswahili hakikuwamo. Tukaiondoa.

Ya tatu aliipata akiwa kazini, wakati wa mapumziko ya mchana. Alipoileta nyumbani aliandika kwa sauti ya kuomba radhi, kama maandishi yanaweza kuwa na sauti: "Mama, hii haisomi chochote. Haina hata mahali pa herufi. Inachora tu." Ilikuwa ya bure, imetengenezwa na mzee mmoja mstaafu wa ng'ambo kwa ajili ya watu wanaochunguza mawimbi. Maelezo yake yalikuwa marefu, na binti yangu alinitafsiria yale ya lazima.

Jumamosi tukaiwasha. Skrini ikawa nyeusi yenye vumbi la bluu, na vumbi hilo likawa linashuka polepole kutoka juu kwenda chini kama manyunyu. Hayo yalikuwa makelele ya hewani, yale ambayo nikiwa mzima niliyasikia kama mafuta kwenye kikaango. Mume wangu akainua kidole. Na pale kati ya manyunyu ukatokea uzi wa manjano, umekatwa vipande, kimoja kifupi, kimoja kirefu, unashuka.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nukta. Mstari. Nilikuwa nazitazama nukta ambazo sikuwahi kuziona maishani mwangu, nilizozoea kuzisikia tu. Mwanzoni nilikuwa kama mtoto anayejifunza kusoma, nafuatisha kwa kidole, nachelewa, uzi unanipita. Binti yangu akanionesha pa kupunguza mwendo, pa kukuza picha, na pa kuisimamisha kabisa nikarudi nyuma. Nikaisimamisha.

Ile mistari mirefu ilikuwa na kasoro. Kila mmoja ulikuwa umechanika katikati, mara mbili, mara tatu, kwa mikato myembamba kama unywele. Nilidhani ni makelele. Lakini makelele hayana mpango, na mikato hii ilikuwa na mwachano sawa kwenye kila mstari. Ndiyo iliyoivuruga programu ya kwanza. Mstari mmoja uliochanika iliuhesabu kuwa nukta nyingi. Mtu anayegonga alikuwa anatetemeka mkono.

Nikatazama miisho ya maneno. Mstari wa mwisho wa kila neno, pamoja na michaniko yake yote, ulikuwa mrefu kupita kiasi. Unaburutwa.

Nilimjua kabla sijasoma herufi hata moja.

"Ni dada," nilisema. Sikujua kama nimesema kwa sauti kubwa au ndogo. Mume wangu alivua hedifoni akazishika mkononi kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Nikasoma kwa kidole, picha imesimama, nikiunganisha kila mstari uliochanika kichwani mwangu. Kwanza herufi za utambulisho za kituo changu. Herufi za kituo chake. Kisha: MDOGO WANGU NIPO. MVUA IMENYESHA KWETU. MAHINDI YAMETOKA VIZURI. NIPO.

Hakuwa anategemea jibu. Alijua sisikii, yeye mwenyewe alikuwa ameketi karibu nami kwenye kochi lile. Na bado alikuwa amekaa mbele ya redio yake Kibuta, akinipa habari za mahindi.

Binti yangu alikuwa tayari anahamishia kigongeo kwenye redio. Nilipasha moto mtambo wa kurushia, nikangoja uzi wa manjano ukome, nikagonga: SHIKAMOO DADA.

Mistari yangu ilitokea kwenye skrini mizima na iliyonyooka, ikashuka, ikapotea chini. Baada yake yakabaki manyunyu matupu. Nilimtazama mume wangu, akatikisa kichwa: hakuna sauti. Tukangoja. Nilianza kufikiri kwamba antena imeoza miaka hii yote, kwamba sikufika popote. Kisha uzi ukatokea, wa neno moja.

NANI.

Na baada ya nafasi ndogo: SHEMEJI NI WEWE.

Alidhani mume wangu amejifunza Morse. Niliwasomea, na mume wangu akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesingiziwa. Nikagonga: HUYO HAJUI HATA NUKTA. NI MIMI. SIKUSIKII ILA NAKUONA.

Safari hii nilingoja zaidi. Baadaye aliniambia alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Aliporudi aligonga neno moja, MARAHABA, na ile a ya mwisho aliiburuta, ikachanika, ikaburutwa tena, mpaka mkia wake ukatoka nje ya skrini huku juu bado unaendelea. Binti yangu, ambaye hajui herufi hata moja ya Morse, alilia kuliko sisi.

Wiki hiyo nilimwandikia yule mzee aliyetengeneza programu. Binti yangu alinisaidia Kiingereza. Nilimweleza mimi ni nani, kwamba programu yake imenipa rafiki yangu tena, kwamba zile nyingine zilizojitahidi kunisomea zilishindwa na yake isiyosoma iliweza. Sikutegemea jibu. Lilikuja siku ileile, fupi, la mtu asiyejua afanye nini na shukrani. Aliomba kama dada hatajali, tumpelekee kipande cha mkono wake uliorekodiwa. Dada hakujali. Baada ya muda tukapata toleo jipya la programu, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo: ukisogeza kitelezi kimoja, michaniko midogo ndani ya mstari hujazwa kwa rangi hafifu, hivi kwamba unaona mstari mzima na bado unaona mahali ulipotetemeka. Hakufuta mtetemeko. Hilo nilimshukuru zaidi ya yote, na nilimwandikia nikamwambia.

Mvua zilipopungua tulikwenda Kibuta, mimi, mume wangu na binti yetu. Tulipanda basi hadi Kisarawe mjini, pale juu kwenye vilima, kisha bajaji kwenye barabara ya vumbi jekundu. Dada alitupokea mlangoni, amejifunga kanga mbili, kichwa kikitikisika kidogo pamoja na mikono. Mjukuu wake alituletea mihogo ya nazi na chai, akaketi na sisi. Alikuwa msichana mpole kuliko ujumbe wake.

Nilimuuliza dada swali nililokuwa nalo tangu siku ile. Kwa nini aliendelea kugonga wakati alijua sisikii?

Alichukua kibao changu, lakini mkono haukumruhusu. Akampa mjukuu, akaongea, na mjukuu akaandika maneno ya bibi yake neno kwa neno, safari hii bila kinoma.

"Daktari aliniambia nivifanyishe vidole kazi nisije nikavipoteza kabisa. Nikafikiri, kazi gani vidole vyangu vinaijua? Nikawa nagonga. Na mtu hawezi kugonga bila kumgongea mtu. Nikakugongea wewe."

Kisha akaongeza kitu, mjukuu akacheka kabla ya kuandika: "Tena nilikuwa huru. Nilikusema vibaya mara nyingi, hukunisikia."

Binti yangu akafungua kompyuta, akamwonesha picha ya mkono wake tuliyoihifadhi. Dada alivaa miwani akainama. Aliitazama muda mrefu, akipitisha kidole chake kinachotetemeka juu ya mistari iliyochanika. Kituoni alikuwa mgongaji safi kuliko sote, wakuu wa zamu walimtumia kutufundishia, na niliogopa kwamba picha ile itamuumiza.

Midomo yake ilisogea. Mjukuu akaandika: "Ndivyo ulivyokuwa unanisoma?"

"Ndivyo," nilimjibu.

"Yote hii?"

"Yote. Sikukisia hata herufi moja."

Akavua miwani. Alimwambia mjukuu atuongezee mihogo, na alipotusindikiza kwenye bajaji alinishika mkono njia nzima. Kapu la mananasi lilikuwa limeshatangulia kwenye kiti.

Sasa tunakutana kila Jumamosi kama zamani. Mimi nasoma polepole, yeye anagonga polepole, kwa hiyo tunaendana. Akichoka ananiambia, tunaacha. Kuna Jumamosi mkono wake unakataa kabisa. Siku hizo anabonyeza mara moja tu, mstari mmoja mrefu, kuniambia yupo, nami namjibu kwa maneno ya kutosha wawili. Fundi jirani bado hawashi mashine yake mpaka mume wangu amwoneshe dole gumba juu ya ukuta. Mume wangu ameanza kujifunza herufi, kwa sababu dada hajaacha kumtania. Amefika kwenye D, na anadai ni ngumu.

Wiki iliyopita habari ilikuwa kwamba nguruwe pori wamerudi kwenye mihogo. Nilimwambia apige madebe. Alisema amepiga, wamezoea. Tukalijadili jambo hilo asubuhi nzima.